Chumba chenye Milango Miwili

Katika wasifu wa marehemu, Kolwezi ilipata sentensi moja. "Baada ya kustaafu, Mchungaji Ambakisye alitumwa Kongo kwa utume, akafuatana na mkewe." Walioandika ni watoto wetu, na siwalaumu. Wao walimjua baba yao wa Tukuyu, wa mimbari na wa baiskeli. Mwaka ule wa Kolwezi kwao ulikuwa sauti inayokatika kwenye simu. Msomaji aliipita sentensi hiyo kwa pumzi moja, akaendelea na maradhi ya mwisho. Mimi nikabaki palepale. Waliokaa karibu nami walidhani nimezama katika majonzi, wakanishika mabega, kumbe nilikuwa nimeketi katika chumba chenye milango miwili, mtaa wa Dilala, mwanga wa asubuhi ukiingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine, na vumbi jekundu likielea katikati kana kwamba halina pa kwenda. Watu husema mtu huumbwa ujanani. Mimi nilikuwa na miaka sitini na miwili, nimekagua shule za msingi kwa miaka ishirini na sita, nimezika wazazi wangu na wa mume wangu, nikiamini kwamba kilichobaki ni kuvuna nilichopanda. Mwaka ulioniumba ulikuwa ule wa korona, na sikuujua ulipokuwa ukipita.

Nyumba ilikuwa ya matofali, moja ya zile zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi, yenye baraza la mbele, dohani isiyotumika na kuta nene zilizohifadhi baridi hata saa sita mchana. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kikasai, Mamu Ntumba, ambaye babake aliletwa na treni kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Yeye mwenyewe aliuza vitenge sokoni kwa miaka mingi na bado alitembea kama mtu aliyebeba marobota. Alikaa vyumba vya mbele. Nyuma, upande wa uani, walikaa binti yake Kapinga na mumewe Mukendi, fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamume mrefu mwenye makovu madogo ya cheche mikononi. Sisi tulipewa chumba cha katikati. Kilikuwa na mlango mmoja wa kwenda barazani na mwingine wa kwenda uani, na tulipofika niliandika katika daftari langu, kwa mazoea ya ukaguzi, kwamba chumba ni kizuri ila kina upepo. Sikujua bado kwamba chumba kile kilikuwa daraja, na kwamba nyumba ile ilihitaji daraja kuliko ilivyohitaji paa.

Kwa Wakasai wale, mkwe na mama mkwe hawali pamoja. Hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, na mkwe mwenye adabu akimwona mama mkwe anakuja njiani, hugeuza uso au hushika njia nyingine. Hilo siyo chuki. Ni heshima iliyo nzito mno kubebwa usoni. Mamu Ntumba na Mukendi walikuwa wameishi katika parsele moja, ndani ya ukuta mmoja, kwa miaka mitano namna hiyo, na mambo yalikwenda vizuri kwa sababu Kapinga alikuwa katikati: alipeleka chakula, alipeleka maneno, alipeleka hata hasira. Kisha Kapinga akaenda Lubudi kununua mahindi, safari ya siku tatu, na siku ya pili magari yakasimamishwa. Makanisa yakafungwa, shule zikafungwa, mpaka wa Kasumbalesa ukafungwa kwa wasafiri. Kapinga akabaki Lubudi kwa shangazi yake. Mama mkwe akabaki mbele, mkwe akabaki nyuma. Na katikati tukabaki sisi, wazee wawili Wanyakyusa tuliokuja kufundisha Biblia.

Asubuhi ya kwanza Mamu Ntumba aliingia kwa mlango wa mbele na bakuli la bukari, ule ugali wao wa mahindi na muhogo, na sombe, majani ya muhogo, juu yake, akaliweka mezani, akatoka bila neno. Dakika chache baadaye Mukendi alikohoa kwenye mlango wa nyuma. Nikampa bakuli. Ndivyo ilivyoanza. Ndani ya juma moja nilikuwa nimekuwa Kapinga. Mamu alisimama barazani na kuniambia kwa sauti ambayo ingesikika hadi mji wa Mutshatsha, "Mama Pasta, unamuambia ule wa nyuma asimwangake mayi ya sabuni ku maua yangu," na Mukendi, aliyekuwa hatua kumi tu, akainua kichwa kutoka kwenye ndoo, akangoja nimfikishie ujumbe aliokwisha kuusikia, kisha akanijibu, akiutazama ukuta, "Mama, unamuambia mama njo nimesikia." Mwanzoni nilicheka. Baadaye niliacha, kwa sababu niligundua kwamba maneno yakipita kwa mtu wa tatu hupoa. Hakuna tusi linalofika likiwa na joto lake.

Na nje ya ukuta dunia yote ilikuwa inajifunza jambo lilelile. Nilikaa barazani na kuwaona majirani wa Dilala wakisimama mbali mbali, wamefunika midomo kwa vitambaa vya vitenge, wakisalimiana kwa viwiko au kwa kuinamisha kichwa tu, wakikwepana kwenye njia nyembamba. Redio ilisema ni ugonjwa. Mimi, niliyeolewa Rungwe, nilikuwa nimekwisha kuyaona hayo yote. Kwetu mke hujitenga na baba mkwe wake. Kwa miaka ishirini na mmoja, hadi mzee yule alipofariki, nilipita nyuma ya migomba nikisikia kikohozi chake, nilijifunika kichwa, sikulitamka jina lake. Basi nilipowaona watu wa Kolwezi wakikwepana, sikuona hofu tu. Niliona mji mzima ulioolewa kwa siku moja. Mchana, kwa saa ile ile, baruti ililia migodini, ambako wafanyakazi walifungiwa ndani ili kazi isisimame. Vioo vikatetemeka, vikombe vikagongana kabatini, kisha kimya kikarudi, kimya kirefu, cha rangi ya vumbi, ambacho hadi leo nikifumba macho naweza kukigusa.

Ambakisye hakukiweza kimya kile. Kazi yake ilikuwa kutembelea watu. Kabla mji haujafungwa alikuwa akitoka saa mbili asubuhi na fimbo yake, nyumba sita kwa siku, anajua nani anaumwa, nani amegombana na nani, na alirudi jioni amejaa kama mtungi. Sasa alikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya milango miwili. Wiki ya kwanza alisoma. Wiki ya pili alipanga upya vitabu. Wiki ya tatu nilimkuta ameshika Biblia imefungwa, anauangalia ukuta, na nilipomuuliza anawaza nini alisema kwamba anajaribu kukumbuka nyuso za wale wa Kwaya ya Kina Mama na hawezi. Alikuwa ametumwa na kanisa letu kuwapa watu matumaini. Watu wa usharika walipopiga simu kuomba neno, aliwapa neno, sauti yake ikiwa nzima; kisha alikata simu na kukaa kama nyumba iliyohamwa. Niliandika siku zile katika daftari: hajaimba. Mume wangu aliimba akinyoa ndevu, akifunga viatu, akila. Nilihesabu siku kumi na tisa bila wimbo, na niliogopa kuliko nilivyouogopa ugonjwa.

Ndiyo maana, juma la kabla ya Pasaka, aliponijia na uso uliochangamka, sikumzuia. Alisema ameona kazi yake. Ilikuwa hapa hapa, chini ya paa letu, na yeye alikuwa ameitafuta barabarani. Mama na mwana wanakaa ukuta mmoja, hawawezi kula sahani moja, ilhali Bwana amefufuka kwa ajili ya wote. Siku ya Pasaka, kwa kuwa kanisa limefungwa, tutaandaa meza katika chumba chetu. Atamwita Mamu kwa mlango wa mbele, atamwita Mukendi kwa mlango wa nyuma, kila mmoja bila kujua habari za mwenzake, na wakiisha kukaa, sala itafanya kilichobaki. Nyumbani alikuwa amelifanya hilo mara nyingi. Ndilo lililompa jina katika ujana wake: mchungaji aliyewakalisha wakwe meza moja. Alikuwa akisema hayo huku akifuta meza kwa kitambaa, na alipofika kwenye kona ya meza akaanza kuimba, kwa chini, puani.

Nilijua. Hili ndilo ambalo wasifu haukuweza kuwa nalo, na ndilo ninaloliandika sasa. Nilijua kwamba meza ile itakuwa kosa, na nilijua kwa nini, na sikusema, kwa sababu alikuwa anaimba.

Jumapili ya Pasaka mvua za mwishomwisho wa msimu zilikuwa zimenyesha alfajiri, na uani kulinuka udongo na makaa. Nilipika bukari mwenyewe, samaki wa kukaanga, lengalenga, mchicha wao, kwa karanga. Ambakisye alivaa kola yake. Mamu Ntumba aliingia kwanza, amevaa kitenge cha njano na kilemba cha kitambaa hicho hicho, akakaa upande wa mlango wake, akasifu samaki. Alikuwa na furaha ya mtu aliyealikwa. Kisha Ambakisye akaufungua mlango wa nyuma, na Mukendi akainamisha kichwa kupita chini ya kizingiti, amechana nywele, ameshika Biblia ndogo. Aliinua macho.

Sijawahi kuona watu wazima wawili wakivuliwa nguo, lakini nadhani huwa vile. Mamu alivuta ncha ya kitenge akafunika uso wote. Mukendi alichuchumaa papo hapo, kama mtu aliyepigwa nyuma ya magoti, akatazama sakafu. Mume wangu, akidhani ni haya ya mwanzo tu, akainua mikono akaanza kuomba. Ilikuwa sala nzuri, ndefu, na ndani yake nilisikia kitenge cha Mamu kikitetemeka. Aliposema amina, Mukendi alirudi kinyumenyume hadi nje, bado amechuchumaa, bila kugeuza mgongo, na mlango ukabaki wazi. Mamu aliinuka akaenda kwake akigusa ukuta kwa mkono, maana hakuutoa uso kwenye kitenge. Tukabaki wawili na sahani nne. Ambakisye aliniuliza kama samaki walikuwa na chumvi nyingi.

Kesho yake mlango wa Mukendi ulikuwa na kufuli. Mlango wa Mamu ulifungwa pia, kwa ndani, na hakuna moshi uliotoka jikoni kwake siku hiyo wala iliyofuata. Siku ya tatu, dada mmoja wa kwaya aliyeuza makaa alisimama getini, kitambaa mdomoni, akanieleza kwamba wamemwona Mukendi nje ya mji, kwenye mashimo ya wachimbaji wa mkono, akishuka na kamba kiunoni. Alisema akapumua. Sote wawili tulijua maana yake. Mukendi alikuwa amechimba tangu akiwa na miaka kumi na sita, na siku ya kumposa Kapinga aliapa mbele ya ndugu kwamba hatashuka tena chini ya ardhi. Ndiyo sababu alijifunza kuchomelea. Karakana ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona, nyumbani hakuweza tena kukaa, basi mahali pekee ambapo mwanamume angeweza kuficha uso wake palikuwa shimoni. Na mvua zilikuwa bado hazijaisha. Udongo ulioloa hushuka bila kupiga hodi. Jioni ile ilinyesha, na kila tone lililopiga bati nililisikia likipiga mahali pengine.

Simu kutoka nyumbani ilifika kesho yake. Magari ya mizigo yangepitishwa Kasumbalesa, kupitia Zambia hadi Tunduma, na kanisa lilikuwa limetuombea nafasi mbili. Tuwe tayari baada ya siku mbili. Ambakisye alisema asante, akaweka simu, akatoa sanduku chini ya kitanda. Alikunja mashati yake polepole, mikono ikiwa sawasawa, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Alisema tumekuja kujenga na tumebomoa, na kwamba mzee akiwa amefika hatua ya kubomoa, adabu ni kwenda nyumbani. Hakulia. Ningependa angelia.

Nikaketi kitandani, nikamwambia habari za Krismasi yetu ya pili katika ndoa. Alikuwa mchungaji mpya. Alimwita baba yake, akamkalisha meza moja nami, wali na kuku, na usharika mzima ulisikia jinsi Injili ilivyoshinda nyumbani kwa mchungaji. Ambakisye alikumbuka. Alikuwa akiihubiri Krismasi ile kwa miaka thelathini na zaidi. Nikamwambia kile ambacho hakukiona, kwa kuwa alikuwa anasema sala. Mzee alimeza matonge matatu. Alisema ameshiba. Alitoka, akaenda kwa jirani yetu, akaomba ndizi za kuchoma, akazila amesimama nyuma ya nyumba akiwa ameinamisha kichwa, na jirani akaniambia mimi. Baada ya hapo hakuja tena kwetu Krismasi yoyote. Ambakisye alikuwa amesema baba anazeeka, anachoka kutembea.

"Ulijua lini?" aliniuliza.

"Siku ile ile."

"Na hukuniambia."

"Ulirudi nyumbani unaimba," nikamwambia. "Na juzijuzi uliimba tena."

Alikaa kitandani karibu nami, shati likiwa mapajani. Baruti ya mchana ililia, vikombe vikagongana, kimya kikarudi. Nilingoja hasira yake, niliistahili. Badala yake alisema, akiuangalia mlango wa mbele kisha wa nyuma, kwamba alidhani ukuta ndio ulikuwa unawatenga watu wale, kumbe ndio uliokuwa umewashikilia. Halafu akaanza kuyatoa mashati sandukuni. Hatuwezi kwenda, alisema, mtoto wa watu yuko shimoni kwa ajili ya meza yangu. Nafasi zile mbili alizitoa kwa wanafunzi wa Mbeya waliokwama Lubumbashi. Nakumbuka alipokuwa akiongea nao kwa simu nilihisi hofu na wepesi kwa pamoja, kama mtu aliyeiona treni ikiondoka bila yeye.

Kesho yake asubuhi alikwenda barazani akakaa chini, kwenye saruji, nje ya mlango wa Mamu. Hakugonga. Alikaa kuanzia saa tatu hadi karibu saa saba, kofia mkononi, na wapita njia walisimama getini wakamwangalia mchungaji wa Tanzania aliyeketi chini kama mtu aliyeshindwa kesi. Hatimaye dirisha lilifunguka kidogo. Mamu hakumsemesha. Aliniita mimi, na sauti yake ilikuwa ya ubaridi wa kiongozi wa soko.

"Mama Pasta, ule mutoto hana kosa. Na mi sina kosa. Kosa ni ya ule mwenye kutandika meza. Unamuuliza kama anajua malipo ya kuona uso ya mama mukwe."

Nikamuuliza Ambakisye, aliyekuwa chini ya dirisha lile lile. Akasema hajui. Nikamjibu Mamu kwamba hajui.

"Ni mbuzi," alisema. "Akileta, itakuwa bukwe, tutakuwa batu ya nyumba moja. Kama haleti, itabakia matusi tu. Na unamuambia: siku ataleta, mi sitamuangalia tena mu macho."

Dirisha likafungwa. Bukwe ni ukwe: akilipa, naye atakuwa mkwe wake. Nilidhani Ambakisye amevunjika, lakini alikuwa ameinuka tayari, anapangusa suruali, ananiuliza barakoa yake iko wapi. Mtu ambaye kwa mwezi mzima hakuvuka kizingiti, siku ile aliizunguka Dilala yote akitafuta mbuzi. Alipita nyumba zaidi ya zile sita za kila siku. Kila mlango alisimama mbali, akaeleza kosa lake bila kulipunguza, na akaulizia mbuzi. Na kila mlango watu walicheka, kwanza kwa aibu, halafu kwa furaha ya kweli. Mzee mmoja wa Kikasai alimwambia kwamba amewahi kumwona padri akibatiza mbuzi kwa bahati mbaya, lakini hajawahi kumwona mchungaji akioa. Mume wangu alimpata mbuzi karibu na reli, jike mweusi mwenye doa usoni. Kwa sababu ya korona pikipiki zilikuwa zinaruhusiwa abiria mmoja tu, na askari wa kizuizi cha barabarani alishika sheria yake: mbuzi apande au mchungaji apande. Basi nilikuwa getini nilipoona pikipiki ikija taratibu, mbuzi amekaa nyuma ya dereva amefungwa kwa kamba, anatazama mji kwa utulivu wa mama mwenye mali, na nyuma yao, mita chache katika vumbi, mume wangu anatembea kwa miguu. Majirani walikuwa wametoka kwenye malango yao, wote mbali mbali, wanapiga makofi. Alipofika karibu nikasikia. Alikuwa anaimba.

Mamu alimpokea mbuzi kupitia mimi. Akamwita mjukuu wa jirani amchinje, la, nakosea, alichinjwa na baba wa mjukuu huyo. Daftari langu linasema hivyo. Jioni Mamu alipika, na kesho yake asubuhi aliweka juu ya meza yetu sufuria dogo lililofungwa kwa kitambaa, mguu wa mbuzi na bukari. Aliliweka, akasimama ameupa mgongo mlango wa nyuma kwa mazoea ya miaka mitano, ingawa hakukuwa na mtu nyuma. "Ya ule mutoto," alisema, akayatazama mawingu kupitia mlango wa mbele. Ndipo nilipojua kwamba siku zote zile alizojifungia hakuwa amekasirika tu. Alikuwa anasikiliza mvua kama mimi.

Tulitembea mwendo wa saa moja na nusu, Ambakisye amebeba sufuria. Mashimo yalikuwa kwenye mwinuko wenye udongo wa rangi mbili, mwekundu na wa kijani hafifu kama kutu ya shaba, na watu waliotoka ndani yake walikuwa na rangi hizo hizo, hata kope. Waliongea lugha za Kongo yote. Hapa hakuna aliyesimama mbali na mwenzake. Walivuta kamba moja, mikono juu ya mikono. Tulingoja. Sijui tulingoja muda gani, maana hilo sikuliandika. Hatimaye kamba moja ilikaza, ikasogea, na Mukendi akatokea kichwa kwanza, akakaa ukingoni akihema. Alituona.

Nilidhani mume wangu atamwendea, atamkumbatia, ataomba radhi kwa sauti yake ya mimbarini. Badala yake aligeuka, akampa mgongo. Palikuwa na mama aliyeuza mikate ya kukaanga pale, ndoo yake imefunikwa kwa nailoni. Ambakisye alimwinamia mama huyo, ambaye hakumjua hata kidogo.

"Mama," alisema, "mwambie huyo mtu aliye nyuma yangu kwamba mama yake amempikia. Mwambie mwenye kosa amelipa mbuzi. Mwambie meza ile imevunjwa, na mlango wake uko kama ulivyokuwa."

Mama wa mikate alimtazama, akanitazama, na kwa kuwa alikuwa Mkasai hakuhitaji maelezo. Aligeuka akamwambia Mukendi yote, neno kwa neno, kwa Kiluba cha Kasai. Mukendi alifuta mdomo kwa mkono wenye tope, na bega lake likaanza kutikisika, nikadhani analia, na pengine alikuwa analia pia.

"Mama, unamuambia Pasta," alisema, akiyaangalia maji ya dimbwi, "anajifunzaka mbiombio."

Alikula pale pale, chakula chote, akipasua mfupa. Kisha akafungua kamba kiunoni, akaikunja, akamkabidhi mwenzake. Nimeulizwa tangu hapo kama shimo lile liliporomoka baadaye. Watu walisema mengi mwaka ule. Sikuuliza, kwa makusudi, mimi ambaye maisha yangu yote nimelipwa kwa kuuliza. Tulirudi watatu kwa mstari mmoja, Mukendi mbele, mimi katikati, Ambakisye nyuma, na tulipofika Mukendi alizunguka akaingia kwa upande wa uani, nasi tukaingia kwa mbele. Jikoni kwa Mamu kulikuwa kunatoka moshi.

Miezi iliyofuata siwezi kuitenganisha siku moja na nyingine. Kiangazi kilikuja na ubaridi wa asubuhi, moshi wa makaa ukilala chini uani hadi saa tatu. Mamu alitimiza neno lake. Kuanzia siku ya mbuzi hakumwangalia tena mume wangu. Akija chumbani kwetu, Ambakisye alitokea mlango wa pili; akiwa barazani, Mamu alifunika uso. Alianza kumpikia chungu chake peke yake, mapaja ya kuku, kitu ambacho mgeni hapewi. Na Ambakisye, aliyekuwa ameshindwa na kimya, alipata kazi mpya: kila asubuhi alizunguka Dilala kwa miguu, akisimama mbali na kila lango, akibeba maneno ya watu kutoka nyumba hadi nyumba, salamu, madai ya wapenzi, ugomvi wa maji, habari za wagonjwa. Alisema kwamba maisha yake yote amekuwa akiwasogeza watu karibu kwa nguvu, na kwamba hakuwahi kufikiri umbali nao unahitaji mchungaji. Kapinga alirudi kutoka Lubudi na magunia yake, akasikia habari nzima getini kabla hajashuka, akacheka mpaka akakaa chini. Aliniambia niendelee tu na kazi yake, amepumzika, amenenepa.

Mpaka ulipofunguliwa, kanisa lilituita nyumbani. Asubuhi ya safari gari lilisimama getini, masanduku yamefungwa. Mukendi alikuwa ameyapa masanduku yetu vipini vipya vya chuma, alivyochomelea mwenyewe. Nilimkumbatia Kapinga. Ambakisye alisimama karibu na gari, kofia mkononi, na Mamu Ntumba akatoka barazani amevaa kitenge cha njano. Alishuka ngazi moja, ya pili, kisha akageuka akaupa uso ukuta wa nyumba yake, mgongo kwetu sote.

"Mama Pasta," alisema, "unamuambia mukwe wangu asafiri salama. Unamuambia bangine ku njia batamuangalia vizuri mu uso. Bale habamujue."

Nilimgeukia Ambakisye, hatua tano tu kutoka kwake, nikamfikishia neno lote, nikikosa mahali pa kuvuta pumzi. Alinijibu akitazama tairi la gari. Aliniambia nimwambie mama amesikia.

Tulipita migodi, tukapita kizuizi, vumbi likafunga mji nyuma yetu. Karibu na Likasi nilidhani amelala. Kisha akanishika mkono, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Uliona?" aliniuliza. "Hakuniangalia hata mara moja."